Kwenda na Kutembea: Mwenda kwa Miguu Katikati ya Mji wa Lubumbashi tangu 1910

Utangulizi

Husemwa mara nyingi kwamba miji mikubwa ya Afrika ya Kati ilijengwa bila kumkumbuka mwenda kwa miguu. Barabara zilipimwa kwa ajili ya magari, na mtu asiye na gari akaachiwa ukingo wa njia, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kauli hiyo ina ukweli wake. Lakini tukiitazama historia ya Lubumbashi kwa makini, tunaona kwamba haitoshi, na hata inaweza kutupoteza. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba wale waliouchora mji huu hawakumsahau kamwe mwenda kwa miguu. Walimfikiria sana. Walipima umbali atakaotembea, wakaweka saa atakayoingia katikati ya mji na saa atakayotoka, wakataka kujua ametumwa na nani. Kwa hiyo swali la mwanahistoria si kwa nini mwenda kwa miguu hakuwekwa katika mpango, bali aliwekwa humo kama nani.

Ili kulijibu swali hilo tutaazima vitenzi vitatu vya lugha yetu: kwenda, kutembea na kuzurura. Anayekwenda ana mahali anapokwenda, na mara nyingi ana aliyemtuma. Anayetembea huenda kwa hiari yake: hupunga hewa, huangalia, hukutana na watu, huwatembelea jamaa. Ndiyo maana wahenga hawakusema «nenda uone», walisema «tembea uone». Anayezurura ni yule ambaye jamii, au askari, hakubali sababu ya kuwapo kwake njiani. Tofauti kati ya kutembea na kuzurura haimo katika miguu ya mtu. Imo katika jicho la anayemtazama. Historia ya katikati ya mji wa Lubumbashi inaweza kusimuliwa kama historia ya vitenzi hivyo vitatu.

1. Mji uliochorwa kwa rula

Mji huu ulianza mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, mke wa Albert wa Kwanza. Aliyechagua mahali pa kuujenga ni Émile Wangermée, aliyeitawala Katanga kwa niaba ya Wabelgiji. Sababu za kuchagua hapa zilikuwa wazi: mto Lubumbashi ulikuwa karibu, shaba ya Kalukuluku, ambayo wazungu waliiita Étoile, haikuwa mbali, na reli iliyotoka kusini kupitia Rhodesia ilifika mwaka huo huo wa 1910. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza.

Mchoro wa mji ulikuwa rahisi. Njia zilinyooshwa kwa rula, zikakatana kwa pembe mraba, kama katika miji ya reli iliyotangulia kusini, Bulawayo ukiwa mmoja wao. Njia zenyewe zilikuwa pana, na baadaye zilipandwa miti. Hata leo, mwezi wa kumi unapofika, mijakaranda hufunika ardhi kwa maua ya zambarau, na mgeni husifu uzuri wa mji.

Jambo moja lafaa kutiliwa mkazo hapa. Katikati ya mji huo hapakuwa pakubwa. Mtu aliweza kutoka stesheni ya reli hadi posta, na kutoka posta hadi kanisa kuu, bila kuchoka. Kwa vipimo vyake, huu ulikuwa mji wa miguu. Wazungu wenyewe wa miaka ile ya mwanzo walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba ubaguzi wa mwenda kwa miguu uliletwa na gari, kwa kuwa ulikuwapo kabla magari hayajawa mengi.

2. Ukanda wa mpaka na hoja ya mbu

Katika miaka ya kwanza makao ya Waafrika yalikuwa karibu sana na nyumba za wazungu. Ukaribu huo haukuwapendeza watawala. Kufikia mwaka 1921 site mpya ilikuwa imefunguliwa upande wa kusini, ikaitwa kwa jina la mfalme Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo. Kati ya site hiyo na mji wa wazungu likaachwa eneo la mamia ya mita ambalo halikutakiwa kukaliwa. Wabelgiji waliliita zone neutre, nasi tutaliita ukanda wa mpaka.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu. Madaktari wa wakati ule walieleza kwamba malaria huchukuliwa na mbu kutoka damu ya Mwafrika hadi damu ya mzungu, na kwamba mbu hawezi kuruka umbali mrefu. Basi umbali wa mbu ukafanywa kipimo cha mji. Hatusemi kwamba madaktari wote walidanganya, kwani malaria iliua kweli. Lakini hoja hiyo ilikuwa na tundu ambalo kila mtu wa mji aliliona. Nyuma ya nyumba nyingi za wazungu palikuwa na kijumba cha boyi, mtumishi aliyelala hapo hapo ili asubuhi awe tayari jikoni. Je, mbu alijuaje kwamba damu ya boyi haina hatari, na ya ndugu yake aliyelala Kamalondo inayo? Mtu aliyetumwa alivumiliwa kulala ndani ya mji, na asiyetumwa aliwekwa mbali. Ukanda ule ulikuwa mpaka kati ya kwenda na kutembea.

Elisabethville haukuwa peke yake. Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, kati ya mji wa wazungu na site paliwekwa bustani ya mimea, bustani ya wanyama na uwanja wa gofu. Mtu aliyetoka site kwenda kazini alipita kando ya mahali palipotengenezwa kwa ajili ya matembezi, lakini si matembezi yake.

Ukanda wa mpaka ulikuwa pia mzigo wa mwili. Kila mfanyakazi aliuvuka asubuhi, akauvuka tena jioni. Mji ulipokua, mzigo ukaongezeka. Kenya ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ng'ambo ya Kamalondo. Katuba na Ruashi zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1950, mbali zaidi. Nyumba za komini hizo mpya zilikuwa bora kuliko za zamani, na wengi walizifurahia. Lakini kila nyumba mpya ilimweka mwenyeji wake mbali zaidi na katikati ya mji kuliko baba yake alivyokuwa. Baiskeli ikawa mali ya thamani, na asiyekuwa nayo alilipa tofauti hiyo kwa miguu yake.

3. Saa na karatasi

Umbali peke yake haukutosha. Katika Kongo ya Kibelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kuwapo katika mitaa ya wazungu kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, isipokuwa awe na karatasi ya ruhusa. Boyi aliyecheleweshwa na karamu ya bwana wake alihitaji barua ya bwana huyo ili afike kwake salama. Tena ilikuwapo sheria ya uzururaji, iliyotungwa tangu enzi ya Dola Huru ya Kongo, ambayo ilimwezesha askari kumkamata mtu asiye na kazi wala makao yanayojulikana.

Hapa vitenzi vyetu vitatu vinaonekana wazi kabisa. Mchana Mwafrika aliweza kwenda mjini: kazini, dukani, ofisini kulipa kodi. Kutembea mjini, maana yake kukaa chini ya mti, kutazama madirisha ya maduka, kuzungumza na rafiki kwenye kona ya njia, kulikuwa ni jambo la mashaka, na saa tatu ilipogonga kuligeuka kuwa kosa. Kati ya kwenda na kuzurura, sheria haikuacha nafasi ya kutembea.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ilitoa vyeti kwa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wameendelea: kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948, na uandikishaji wa mwaka 1952. Wenye vyeti hivyo walipewa baadhi ya mambo waliyonyimwa wenzao. Ni jambo la kufikirisha kwamba mtu mzima, baba wa watoto, msomi, alihitaji kufanyiwa mtihani wa maisha yake ya nyumbani ili atambuliwe kuwa mtu anayestahili kutendewa kama raia katika mji aliozaliwa. Amri za usiku zililegezwa, kisha zikaondolewa, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wakati huo huo, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1957, wenyeji wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa komini. Haki ya kuchagua na haki ya kutembea usiku zilikuja karibu pamoja, na hatudhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Habari za maisha hayo kwa kiasi kikubwa zimeandikwa na watawala, kwa Kifaransa. Kwa bahati njema tunayo maandishi mengine. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, alitunga kwa Kiswahili cha mji huu kitabu kidogo kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambacho Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Wasomaji wa jarida hili wanakijua kwa sababu ya lugha yake. Tunapendekeza kisomwe pia na wapangaji wa mji. Katika michoro ya ofisi, mji huonekana kutoka juu, kama ndege auonavyo. Katika maandishi ya Yav mji unaonekana kutoka chini, kwa jicho la mtu anayefungua mlango wa nyuma, anayejua nani alikaa wapi, nani alimtendea nani nini, na mahali fulani paliitwaje kabla ya kupewa jina la mzungu. Hiyo ni ramani ya mwenda kwa miguu.

4. Baraza

Tusiseme kwamba mji wa kikoloni haukuwa na jema lolote kwa mwenye kutembea. Maduka mengi ya zamani katikati ya mji yalijengwa yakiwa na paa lililotokeza mbele, likashikwa na nguzo, ili mtu apite kivulini toka duka moja hadi jingine. Katika mji ambao mvua hunyesha kwa nguvu kuanzia mwezi wa kumi na moja, na jua la mwezi wa tisa na wa kumi ni kali, paa hilo lina faida kubwa kuliko mapambo yote ya usanifu.

Wabelgiji wa Kongo waliuita ukumbi kama huo barza. Neno ni letu: baraza. Lilisafiri na misafara kutoka pwani, likaingia Kongo, likapokewa katika Kifaransa cha wakoloni. Lakini safarini lilipoteza sehemu ya maana yake. Kwa watu wa pwani, baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, hapo hapo watu huzungumza, hucheza bao, huamua mashauri. Ndiyo maana mkutano wa wazee huitwa baraza, na hata mkutano wa mawaziri. Mpita njia husalimiwa, na akitaka hukaribishwa kukaa. Barza ya mzungu ilibaki ukumbi wa mwenye nyumba. Boyi alipita hapo akiwa amebeba sinia. Na ukumbi wa duka ulikuwa wa mnunuzi, naye akishanunua alitakiwa aende zake.

Basi tunaweza kusema kwamba katikati ya mji palikuwa na barza nyingi, bali palikosa baraza. Kivuli kilikuwapo, lakini kiti hakikuwapo.

5. Baada ya 1960: miguu yaingia mjini

Uhuru wa mwaka 1960 uliondoa mpaka, na misukosuko ya miaka ya kujitenga kwa Katanga haikuurudisha. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la mto wake, Lubumbashi. Sehemu kubwa ya ukanda wa mpaka imejengwa kidogo kidogo. Lakini watu waliendelea kutumia neno la zamani: mtu wa Katuba akielekea katikati husema mpaka leo kwamba anakwenda «ville», kana kwamba anakokaa yeye si mjini. Lugha huchelewa kuondoka mahali ambapo sheria imekwisha kuondoka.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na dhiki. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulibomoka, mwaka 1991 uporaji ulienea katika miji ya nchi, na Gécamines, iliyokuwa ikilisha Katanga, ikaanguka. Mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Nauli ikawa ghali kuliko mkate. Hapo mji mzima ulirudi kwenye miguu: mwalimu, karani, muuguzi, mwanafunzi, mama mwenye beseni la mboga kichwani, na kijana anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makaa kutoka porini. Pasipo mpango wowote wa serikali, katikati ya Lubumbashi paligeuka kuwa mahali pa watembeao. Njia za kando zikawa soko. Barza za maduka zikapata viti: kigoda cha muuza sigara, meza ya mbadili fedha, sanduku la mpiga kiwi, mkeka wa muuza vitabu vikuukuu.

Ni rahisi kuliita jambo hilo fujo, na wenye maduka wana malalamiko ya haki, maana mlango wa duka lililozibwa haupitiki. Lakini mwanahistoria ana wajibu wa kusema kwamba fujo hiyo ilifanya kile ambacho mpango wa miaka hamsini haukukifanya. Iliwapa watu wa site sababu ya kukaa katikati ya mji, si kupita tu. Mama muuza ndizi anayejua majina ya wapita njia wake ameigeuza barza kuwa baraza.

Tangu mwaka 2007 barabara nyingi za Lubumbashi zilitengenezwa upya, na magari yakaongezeka sana, na pikipiki za abiria pia. Mji wa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni mbili hauwezi kuishi bila hayo. Lakini lami laini huongeza mwendo, na mwendo huwatisha wenye miguu. Mtoto wa shule anayetaka kuvuka njia pana ya mwaka 1910 huona leo kwamba upana ule, uliokuwa uzuri wa mji, umekuwa hatari yake. Na mara kwa mara hutoka amri ya kusafisha njia za kando, vibanda huondolewa, kisha baada ya majuma kadhaa hurudi.

6. Mfano wa Ulaya na mipaka yake

Wapangaji wa leo hupenda kutaja mifano ya Ulaya, nasi hatuipingi. Rotterdam, uliobomolewa na mabomu mwaka 1940, ulifungua mwaka 1953 mtaa wa maduka uitwao Lijnbaan, usiopitwa na magari. Kopenhagen ulifunga njia yake kuu ya maduka, Strøget, kwa magari mwezi wa kumi na moja mwaka 1962. Wenye maduka waliogopa kufilisika, lakini biashara ikastawi. Mwaka 1963 taarifa ya Colin Buchanan ikaiambia Uingereza kwamba mji hauwezi kupokea magari yote yanayotaka kuingia, kwa hiyo ni lazima kuchagua.

Mifano hiyo yafundisha mengi, bali tukumbuke tofauti moja. Mtu wa Kopenhagen alikuwa na haki ya kutembea Strøget tangu zamani, na gari ndilo lililomsukuma kando. Kuliondoa gari kulimrudishia chake. Mwaka ule ule wa 1962, mtu wa Katuba alikuwa na miaka michache tu tangu aliporuhusiwa kuwapo katikati ya mji wake baada ya saa tatu usiku. Aliyemsukuma yeye lilikuwa karatasi kabla ya kuwa gari. Kwa hiyo tukifunga njia moja ya Lubumbashi kwa magari, tukapanga mawe mazuri chini, kisha tukamfukuza muuza ndizi ili pawe safi, tutakuwa tumeiga sura ya Kopenhagen na kurudia amri ya Élisabethville. Njia itakuwa na wenda kwa miguu, watembezi hawatakuwapo.

Hitimisho

Tumeona kwamba mpango wa kwanza wa mji huu ulimpokea Mwafrika katikati kama mtu aliyetumwa. Umbali, saa na karatasi vilikuwa vyombo vya mpango kama vile rula na kamba. Vyombo viwili vya mwisho vimeondoka. Cha kwanza, umbali, kipo bado, na pamoja nacho ile desturi ya kudhani kwamba mtu asiye na gari wala haja maalumu katikati ya mji ni mzururaji.

Kutokana na historia hiyo twaweza kupata vipimo vitatu vya kuupimia mpango wowote mpya. Cha kwanza ni mwanzo wa safari. Njia ya kando isianzie posta, ianzie Katuba, Kenya na Kamalondo, ipite pale palipokuwa ukanda wa mpaka bila kukatika, kwa sababu hapo ndipo mwendo wa watu ulipokatwa kwa makusudi. Cha pili ni saa. Mpango unaofikiri juu ya mchana tu bado unatii amri ya saa tatu usiku. Taa, na njia ya kurudi kwa usalama kwa mama anayefunga meza yake giza likiingia, ni sehemu ya haki ya mji. Cha tatu ni kiti. Barza za zamani zinazosalia zafaa kutunzwa, na wauzaji wapewe nafasi iliyopimwa kwa kukubaliana nao, ili mlango wa duka upitike na kigoda kisiondoke.

Mpangaji akitaka kujua kama amefaulu, asihesabu magari wala miguu peke yake. Asimame jioni chini ya mijakaranda, amtafute mtu aliyeketi hapo bila kununua kitu wala kumngojea mtu, amwulize ametumwa na nani. Akijibiwa «Sikutumwa, natembea tu», na askari aliye karibu asigeuze hata kichwa, basi kazi imeanza.